Mume wangu na baba yangu wanagombania juma la sabini la Danieli, na kila mmoja anataka niwe upande wake

Shikamoo mama mshauri,

Nimekuwa nasoma safu hii kimya kimya muda mrefu, leo nimeamua niandike maana imefika mahali sina wa kumwambia. Nikimwambia mtu wa kanisani kwetu itafika kwa mchungaji kabla jua halijazama, nikiwaambia ndugu zangu watasema si tulikukataza.

Mi nimezaliwa Upareni, familia ya Wasabato kabisa, toka kwa bibi. Baba yangu ni mzee wa kanisa mpaka leo. Nimekulia kwenye lesoni na makambi kila mwaka na mahubiri ya hadhara yenye ile michoro mikubwa ya sanamu ya Danieli na wale wanyama. Majuma sabini ya Danieli 9, yale ambayo kila juma linahesabiwa miaka 7, nilikuwa naweza kuyachora ubaoni kabla sijamaliza darasa la saba: 457 kabla ya Kristo amri ya Artashasta, mwaka 27 Yesu anabatizwa, 31 anasulubiwa, 34 Stefano anapigwa mawe, halafu mstari mreeefu mpaka 1844. Nikaja nikaolewa na mlokole. Baba aligoma mwanzoni ila baadaye akatubariki, nikahamia kanisa la mume wangu na hakuna aliyenilazimisha, nilimpenda yeye na nikapenda wanavyoomba.

Miaka yote unabii haukuwa shida nyumbani. Imeanza pale kanisa letu lilipoleta mwalimu wa semina ya siku za mwisho. Akafundisha kwamba majuma 69 yaliisha Yesu alipoingia Yerusalemu juu ya punda, hapo saa ya Mungu kwa Israeli ikasimama, na juma la 70 halijaanza, litaanza kanisa likishanyakuliwa, yaani waumini wakishachukuliwa juu kwa Yesu, halafu mpinga Kristo atafanya agano la miaka 7 na Israeli. Mume wangu alilishika hilo fundisho moja kwa moja. Anakesha kwenye simu anaangalia klipu za Israeli, vita ya Gaza ilipoanza Oktoba 2023 akasema ndo hii. Ile Septemba 2025 mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alipotaja tarehe za unyakuo, yeye hakuamini tarehe, ila alifunga kula na gereji yake haikufunguliwa.

Nyumba yetu imefika kwenye lenta na imesimama hapo, nikiuliza ananiambia tunamjengea nani. VICOBA ameniambia nitoke, hela zikae kwa ajili ya kazi ya Mungu.

Sasa baba akaja kwetu Morogoro kwa ajili ya kliniki ya macho. Jioni ya ibada mume wangu akafungua Danieli 9. Baba akasikiliza, kisha akasema mkwe wangu, hilo juma ukilikata ukalitupa mwisho wa dunia umechukua maneno yanayomhusu Kristo ukampa mpinga Kristo. Mume wangu akajibu kwamba 1844 ni tarehe ya watu waliomsubiri Yesu hakuja, wakatafuta maelezo. Mama, pale ndani palikuwa kimya mpaka nikasikia aibu. Kesho yake asubuhi baba aliondoka, kliniki hakwenda.

Toka hapo ni mvutano. Mume wangu anaongoza seli, kile kikundi cha maombi cha kanisa, na anataka nisimame mbele ya watu nitoe ushuhuda kwamba nilikuwa gizani kwenye mafundisho ya 1844 na nimetoka. Baba anapiga simu anasema nije na watoto kwenye makambi nirudi nyumbani. Na binti yetu wa kidato cha kwanza halali. Jioni moja nilienda kuchota maji, aliporudi akakuta nyumba kimya na sufuria jikoni, akakimbilia kwa jirani analia kwamba tumenyakuliwa yeye ameachwa.

Mi nikisoma mwenyewe sioni pa kulikata lile juma la mwisho. Lakini pia ile 1844 sijawahi kuielewa vizuri hata nilipokuwa naichora. Nikisema hivi nimemkana mume, nikisema vile nimemkana baba, nikinyamaza je si ndo yule vuguvugu anayetapikwa? Nifanyeje?

Binti wa Upareni, Morogoro

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla sijafika kwa Danieli naomba nianze na huyo mtoto, maana baba na mume wako ni watu wazima wana Biblia zao, wanaweza kusubiri. Binti wa kidato cha kwanza anayekuta sufuria jikoni akadhani Mungu amemwacha, huyo hawezi kusubiri mpaka nyie mkubaliane. Kaa naye leo. Usimpe somo la unabii, mwulize tu anaogopa nini hasa, mwache aseme mpaka amalize. Halafu somaneni pamoja 1 Wathesalonike 4 kuanzia mstari wa 13, hapo ndipo unyakuo unapochukuliwa, muangalie Paulo anamalizaje. Anasema basi farijianeni kwa maneno hayo. Watu wa Thesalonike walikuwa wanawalilia ndugu zao waliokufa, akawaandikia ili wapate nafuu. Mume wako anayeamini unyakuo anaweza kuusoma mstari huo na baba yako asiyeamini unyakuo wa siri anaweza kuusoma huo huo, na wote wawili hawana sababu ya kumwacha mtoto na hofu. Ningependa sana baba yake ndiye amsomee, maana hofu ilitokea kwenye maneno aliyoyasikia kwake, na kwake ndipo itakapotokea nafuu. Kama usingizi hauji hata baada ya hapo, tafuteni pia mtu wa kuongea naye nje ya nyumba, mwalimu wa malezi shuleni au mtu wa hospitali, hiyo sio kukosa imani.

Sasa nije kwako. Nikikuelewa vizuri, umeombwa na watu wawili unaowapenda uchague, na kila mmoja ameufanya uchaguzi huo uwe kipimo cha kama unampenda. Na wewe ndani yako hujashawishika na yeyote kikamilifu. Hapo ndo panapouma, maana kama ungekuwa umeshawishika ungesema tu na kubeba matokeo yake.

Umejiita vuguvugu, hebu tulitazame hilo. Ufunuo 3, yule wa Laodikia anayetapikwa ndiye anayesema mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu. Shida yake ilikuwa kudhani anavyo vyote. Wewe unaandika kwamba hujui na unataka kujua. Danieli mwenyewe baada ya maono ya sura ya 8 aliugua siku kadhaa akasema hakuna aliyeyafahamu, na sura ya 12 anasema tena nilisikia lakini sikuelewa. Aliandika hivyo na Mungu hakumtapika. Kwa hiyo hilo jina ulilojipa sidhani kama ni lako, ila utalipima mwenyewe.

Kitu kingine, unaandika kana kwamba zipo pande mbili tu na wewe umesimama katikati. Mi nikiangalia naona baba yako na mume wako wako karibu mno, pengine ndo maana wanaumizana hivyo. Wote wanakubali kila juma ni miaka 7, jumla miaka 490. Wote wanaanza na amri ya Artashasta, mmoja anachukua ile ya Ezra 7 ya mwaka 457 kabla ya Kristo, mwingine anachukua ruhusa aliyopewa Nehemia ya 445 au 444. Wote wanaamini Yesu atarudi kweli kweli. Wanapoachana ni pale mstari wa 27, yule anayefanya agano kwa juma moja na kukomesha sadaka ni nani? Baba yako anasema ni Masihi, aliyekomesha dhabihu kwa kufa kwake katikati ya juma. Mume wako anasema ni yule mkuu atakayekuja wa mstari wa 26, ambaye watu wake wanauharibu mji. Maneno yenyewe yanaacha nafasi ya swali, ndiyo maana watu wenye akili na maombi wameachana hapo kwa karne nyingi.

Halafu kuna wengine ambao hata hawakuwepo kwenye ibada yenu ya jioni ile. Wapo Wakristo, wengi kwenye vyuo vya theolojia vya Kikatoliki na Kilutheri na Kianglikana, wanaosoma sura hiyo kama habari za Antioko Epifane, mfalme aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo akakomesha sadaka ya kila siku. Wapo wanaoona mwisho wake ni Kristo na kuanguka kwa Yerusalemu mikononi mwa Warumi mwaka 70, na hao wanakukumbusha kwamba Yesu katika Mathayo 24 anataja chukizo la uharibifu la Danieli kama jambo ambalo bado linakuja. Yeronimo, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alipoandika maelezo yake ya Danieli mwanzoni mwa karne ya 5, alipofika kwenye majuma haya aliwapanga walimu waliomtangulia mmoja mmoja na hesabu zao, akasema ni hatari kuwahukumu walimu wakubwa wa kanisa, akamwachia msomaji. Mtu wa kimo kile!

Nakwambia haya kwa sababu moja tu, kila mmoja nyumbani kwenu anamsema mwenzake vibaya kidogo, na wewe unayajua yote mawili ungeweza kuwasaidia wasikiane. Mume wako akisema 1844 ni maelezo ya watu walioaibika, kweli William Miller, mkulima wa Kibaptisti kule Marekani, na maelfu waliomfuata walimsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844 na hakuja, na lile pigo lilikuwa kubwa. Lakini Wasabato wenyewe wanasema tarehe ilikuwa sawa kwa zile siku 2300 za Danieli 8:14, kilichokosewa ni tukio, wakaenda kwenye Waebrania wakaona patakatifu pa mbinguni na kazi ya Kristo pale. Unaweza usikubaliane nao, ila hawakuficha kilichotokea, wanakifundisha watoto wao, na wewe ulifundishwa. Na baba yako akidhani kulitenga juma la mwisho ni uzushi wa juzi, ni kweli John Nelson Darby wa karne ya 19 ndiye aliyeupanga mfumo anaoufuata mume wako, na Biblia ya maelezo ya Scofield ya mwaka 1909 ndiyo iliyousambaza mbali, ila Hipoliti wa Roma mwanzoni mwa karne ya 3 naye aliliweka lile juma la mwisho kwenye mwisho wa dunia. Mi nina ninavyouelewa unabii huu na sitausema hapa, ukiujua utahesabu kura mbili kwa moja na hiyo haitakusaidia.

Kuhusu nyumba na VICOBA. Umeandika kwamba semina ndiyo iliyosimamisha nyumba, na huenda ni hivyo. Naomba tu ujiulize, gereji inaingiza kama zamani? Wapo wanaume ambao pesa ikikata inakuwa rahisi kwao kusema Yesu anarudi kuliko kusema nimekwama. Sijui kama ndivyo kwa mume wako na usimwendee na hilo kama shtaka, mwulize kwa upole mkiwa wawili, mama na baba wa watoto. Akisema hapana ni imani tu, basi ongeeni kwa imani. Kuna kitu kwenye Danieli 9 ambacho kwenye mabishano ya hesabu huwa kinarukwa. Sura inaanza na Danieli anasoma kitabu cha Yeremia, ile miaka sabini. Ifuate miaka hiyo utafika kwenye ile barua ya Yeremia 29, kwa watu waliopelekwa Babeli, ambao manabii wengine walikuwa wanawaambia mtarudi sasa hivi. Yeremia anawaandikia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waozeshe watoto, wautakie amani mji ule. Maneno ya kujenga na hesabu ya miaka sabini yako kwenye barua hiyo hiyo! Na baada ya kusoma, Danieli anaomba na kutubu, mstari wa 3 mpaka wa 19, majuma sabini yenyewe ni mistari minne tu mwishoni. Mume wako anaipenda sura hiyo, mwombe muisome pamoja kuanzia mstari wa kwanza, bila ubao na bila klipu. Huenda akaona asilokuwa ameliona, huenda ukaona wewe.

Kuhusu hela za akiba hapo nitakuwa mkali kidogo. Usitoke VICOBA na usitoe pesa ya ada kabla hamjakaa mkakubaliana kwa sauti, wote wawili, kiasi gani na kinaenda wapi. Thesalonike ile ile ilikuwa na watu waliotikiswa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika, barua ya pili inawatuliza kwenye sura ya 2, na kwenye sura ya 3 inawaambia wasiofanya kazi wafanye kazi kwa utulivu wale chakula chao. Na huku kwetu Afrika Mashariki tuna makaburi. Kanungu kule Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea kwenye jengo lao la ibada. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mume wako hayuko huko, anaamini kitu ambacho mamilioni ya Wakristo watulivu wanaamini na wanaamka asubuhi kwenda kazini, na hata tarehe iliyotajwa aliikataa, hilo umpe heshima yake. Ila ikifika mahali kanisa au mwalimu fulani anadai mali zenu, au anakataza mtoto shule au hospitali, hapo hutakuwa tena kwenye swali la tafsiri na utafute msaada kwa ndugu na serikali ya mtaa bila kungoja ruhusa ya mtu.

Sasa ushuhuda. Unaweza kusimama ukasema anavyotaka. Nyumba itatulia kwa muda na mume wako atajisikia umemheshimu, lakini utakuwa umesema mbele za Mungu kitu usichokiamini, na baba yako atasikia, maana kutoka Morogoro mpaka Upareni simu zipo. Mtoto naye atakuona. Unaweza kukataa kabisa, na hapo atakayeumia ni mume, tena mbele ya watu anaowaongoza, na inaweza kusomeka kama umerudi Usabatoni kimya kimya. Kuna njia ya katikati ambayo nayo sio rahisi, usimame utoe ushuhuda wako mwenyewe, Yesu amekufanyia nini toka ulipokuwa mtoto wa makambi mpaka leo, bila kumwita mtu yeyote giza. Hatari yake ni kwamba baadhi watasikia ulichokiruka kuliko ulichosema, na mume anaweza kuona umemzunguka. Ndiyo maana ukiichagua hiyo mwambie mapema, neno kwa neno utakavyosema, asisikie kwa mara ya kwanza kwenye seli. Mwambie pia lile uliloniambia mimi kwamba huoni pa kulikata juma la mwisho na wala 1844 huielewi. Nadhani hajawahi kulisikia. Nadhani yeye anapigana na baba yako ndani yako, na akijua ulipo kweli huenda akapungua nguvu za kupigana.

Makambini unaweza kwenda, mwanangu, kama mtoto anayemsalimia baba yake. Ila sio na watoto bila mume kujua, na sio kama jibu la ushuhuda, maana watoto watakuwa kamba ya kuvutania na huyu binti tayari amelemewa. Kama mume wako ataridhia mwende wote hata kwa siku moja, itakuwa nzuri zaidi, na kama hataki mwaka huu, baba aambiwe ukweli kwamba unakuja kumwona wakati mwingine. Mpigie simu wiki hii kwa sababu nyingine kabisa, macho yake. Ile kliniki aliyoikosa ipangiwe siku mpya, na mume wako aombwe ampeleke mwenyewe. Njiani si lazima waongelee unabii. Mzee aliyeondoka na hasira na mkwe aliyebaki na ushindi wake wanahitaji kitu cha kufanya pamoja kuliko mjadala mwingine, na kuomba radhi huwa kunakuja vizuri zaidi kwenye foleni ya hospitali kuliko kwenye kikao.

Umeuliza nifanyeje na najua ulitaka niseme nani yuko sahihi. Sijasema na sitasema. Unaweza kuendelea kusoma kwa miaka na ukaja kukubaliana na baba, au na mume, au na wale wengine niliowataja, na siku hiyo utasema kwa amani maana itakuwa ni yako.

Kama siku ya ushuhuda imeshapangwa mwombe baba watoto aisogeze mbele kwanza, umwambie unataka msome Yeremia 29 na Danieli 9 pamoja kabla hujasimama mbele ya watu. Akikubali kusogeza mna pa kuanzia. Akikataa niandikie tena haraka, uniambie amesema nini hasa, tuone kama mchungaji wenu ni mtu wa kukaa na nyie wawili au itabidi tutafute mwingine.

Mama Mshauri